Meno ya Matalana: Malangatana Kijana na Suala la Usurealisti

Malangatana Valente Ngwenya, mchoraji aliyezaliwa mwaka 1936 kijijini Matalana, kusini mwa Msumbiji, mara nyingi huhesabiwa miongoni mwa wasurealisti wa Afrika, yaani wasanii wanaochota picha zao kutoka ndotoni. Uainishaji huo unafaa kueleza jinsi picha zake zilivyopokelewa ughaibuni. Ukigeuzwa kuwa maelezo ya chemchemi ya sanaa yake, unapotosha.

Kuhusu ujana wake hakuna ubishi mkubwa. Baba yake alifanya kazi migodini Afrika Kusini. Mtoto alipitia shule za misheni, kisha akaenda mjini Lourenço Marques, Maputo ya leo, akawa mtumishi wa nyumbani na baadaye mwokota mipira katika klabu ya tenisi. Augusto Cabral, mwanachama wa klabu hiyo, ndiye aliyempa rangi na brashi. Msanifu majengo Pancho Guedes alimwachia gereji iwe karakana yake, akawa ananunua picha zake kila mwezi. Mwaka 1961 Malangatana alifanya onyesho lake la kwanza la peke yake.

Ubishi unaanzia kwenye turubai. Katika Juízo Final, yaani Hukumu ya Mwisho, ya mwaka huohuo wa 1961, miili ya rangi mbalimbali imesongamana, padri akiwa katikati ya watu na joho lake jeusi, na baadhi ya vinywa vimejaa meno meupe yaliyochongoka. Wanaoisoma picha hii kisurealisti huyaona meno hayo kama jinamizi lililozuka kutoka akilini mwa mchoraji. Wanasahau kazi ya mama yake. Mama huyo alichonga watu meno, akawachanja chale na kutunga shanga. Kwa mwanawe, jino lililochongwa lilikuwa pambo na kazi ya mikono kabla ya kuwa kitisho. Msomaji anayewafahamu Wamakonde wa kale, waliochonga meno, hahitaji nadharia ya ndoto ili alitambue. Kilicho kipya katika picha ni kwamba pambo hilo limepewa ukali, likawekwa kando ya padri katika nchi iliyotawaliwa na Wareno. Huo ni uamuzi wa mtu aliye macho.

Yapo mambo yanayoweza kupinga hoja hii. Guedes mwenyewe alivutiwa na usurealisti, na mwaka 1962 kongamano la utamaduni wa Kiafrika mjini Salisbury, Harare ya leo, ambako Malangatana alishiriki, lilihudhuriwa na Tristan Tzara na Roland Penrose, watu wa mduara wa usurealisti wa Ulaya. Lakini kongamano hilo lilikuja baada ya Juízo Final. Ladha ya Guedes huenda ilimpa kijana ujasiri. Haikumpa meno, wala msongamano ule, ambao ni kinyume kabisa cha nyika tupu za msurealisti Salvador Dalí.

Mwishoni mwa 1964 polisi wa siri wa Kireno, PIDE, walimkamata kwa kumhusisha na FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, akakaa gerezani takriban miezi 18. Michoro yake ya kifungoni inaonyesha wafungwa waliobanana selini, na hapo msongamano hauhitaji kufasiriwa kama ndoto. Mafunzo ya Ulaya nayo si chemchemi ya sanaa yake: ufadhili wa Wakfu wa Gulbenkian uliompeleka Ureno kujifunza uchapaji wa picha na kazi ya kauri ulikuja mwaka 1971, miaka kumi baada ya onyesho lake la kwanza.