Pikipiki ya Kuelea

Septemba 2022, katika maonyesho ya magari ya Detroit, Marekani, kampuni ya Kijapani A.L.I. Technologies ilileta chombo kiitwacho XTURISMO. Kina tandiko, usukani na injini ya petroli ya Kawasaki, kina uzito wa takriban kilo 300, na hakina hata gurudumu moja. Kinachokinyanyua ni rafadha zinazosukuma hewa chini. Kilipozinduliwa Japani mwaka mmoja kabla, bei yake ilikuwa yeni milioni 77.7, na kilisemekana kuweza kukaa hewani hadi dakika 40. Mapema 2024 kampuni hiyo ilikuwa imefilisika.

Chombo cha aina hii Kiingereza kimekipa jina la hovabaiki. Kwetu kila mtu hukiita atakavyo: pikipiki ya kuruka, pikipiki inayopaa, pikipiki ya angani. La kwanza lina kasoro ya wazi. Ndege huruka, lakini chura naye huruka, na vijana wa mashindano ya nyikani huruka matuta kila siku kwa pikipiki zao za kawaida. Kupaa kunaeleza safari ya kwenda juu tu. Moshi hupaa, ndege hupaa ikiacha kiwanja, na hapo kazi ya neno imekwisha. "Angani" nalo limetia chumvi, maana vingi vya vyombo hivi hukaa mita chache tu juu ya ardhi. Sehemu ya kwanza ya jina la Kiingereza inataja jambo mahususi: kukaa hewani papo hapo, bila kwenda mbele wala kushuka, kama helikopta inayosubiri nafasi ya kutua. Kiswahili kina kuelea. Nachagua pikipiki ya kuelea.

Ila neno hili limezaliwa majini, nalo huja na mazoea ya majini. Ngalawa huelea bure. Tanga likishushwa, injini ikizimwa, nahodha akilala, maji yataendelea kuibeba. Hewa haina ukarimu huo. Chombo kinachoelea hewani hununua kila sekunde kwa nishati, na kadiri rafadha zake zilivyo ndogo ndivyo bei inavyopanda, kwa sababu hewa kidogo inabidi isukumwe kwa kasi kubwa mno. Ndiyo maana helikopta ina mapanga marefu kiasi kile. Anayetaka chombo chembamba kama pikipiki hulazimika kukubali rafadha ndogo, injini yenye nguvu kubwa na safari fupi. Betri huzidisha taabu, kwani kilo ya petroli hubeba nishati zaidi ya mara thelathini ya kilo ya betri. Jetson One, chombo cha umeme cha mtu mmoja, hupewa dakika 20 tu.

Na injini ikizimika? Ndege yenye mabawa huteleza hewani ikitafuta pa kutua. Helikopta nayo inaweza kushuka kwa kuacha mapanga yake yazungushwe na upepo wa kutoka chini. Rafadha ndogo zisizobadilika pembe haziwezi hilo. Mwavuli wa dharura upo, lakini unahitaji kimo cha kutosha ili ufunguke. Mita tatu juu ya maji mtu ataloa tu. Mita mia kadhaa mwavuli una nafasi. Hapo katikati, penye mita kumi au thelathini, ndipo pabaya, na huko baadhi ya pikipiki hizi hufika. Polisi wa Dubai waliionyesha hadharani pikipiki ya kuelea ya kampuni ya Hoversurf mwaka 2017. Mwaka 2020, katika majaribio huko huko Dubai, pikipiki ya kampuni hiyo iliporomoka kutoka kimo cha takriban mita 30 ikavunjika. Aliyeiendesha alinusurika.

Nusu ya pili ya jina, pikipiki, ndiyo yenye mvuto, nami nadhani ndiyo yenye hila zaidi. Inaahidi kwamba ukijua kuendesha ile, hii utaijua. Jeshi la Marekani liliwahi kuiamini ahadi hiyo miaka ya 1950, lilipojaribu chombo cha de Lackner HZ-1. Askari alisimama juu ya mapanga mawili yanayozunguka kwa mielekeo kinyume, akakielekeza kwa kuegemeza mwili upande anaotaka kwenda. Ilidhaniwa kwamba mtu asiye rubani angefundishwa kwa dakika 20 akaondoka nacho. Katika majaribio mapanga yaligongana, chombo kikaanguka mara mbili, na mradi ukaachwa. Rubani wa majaribio hayo, Kapteni Selmer Sundby, alitunukiwa nishani ya urubani. Mtu hapewi nishani kwa kuendesha kitu cha kujifunza kwa dakika 20.

Mvumbuzi Chris Malloy naye alianza na ndoto ya pikipiki ya kuelea, lakini kampuni yake ikajikita katika droni za kubeba mizigo, hadi ikanunuliwa na kampuni ya BAE Systems mwaka 2024. Mpanda pikipiki aliondolewa, kisha biashara ikaenda.

Atakayebaki juu ya tandiko tumwite nani? Marekani, kanuni ya vyombo vyepesi ya tangu 1982 humruhusu mtu kurusha chombo cha namna hii bila leseni, mradi kisizidi takriban kilo 115, kiwe cha mtu mmoja, cha burudani au michezo, kirushwe mchana, wala kisipite juu ya maeneo yenye msongamano wa watu. Kwa hiyo foleni ya mjini, ambayo ndiyo humfanya mtu atamani kuinuka juu ya magari, imekatazwa tangu mwanzo. Hata hivyo, leseni iwepo isiwepo, "dereva" hapa halifai. Dereva akisikia injini inakohoa hupunguza mwendo na kuegesha kando. Huyu hana kando. Ni rubani.