Barabara ya Mombasa na Mvua Zake

Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni karibu kilomita 480, na mume na mke wenye gari lao huzimaliza kati ya asubuhi na jioni hata siku ya mvua. Kwa sehemu kubwa ya historia ya njia hiyo, safari ya namna hiyo isingewezekana.

Misafara ya pembe za ndovu ya karne ya 19, ya Wakamba na ya Waswahili, iliitaka mvua kuliko kuiogopa. Nyika ya Taru haina mto. Wapagazi waliivuka kwa kutegemea ngurunga, yaani mashimo ya miambani yanayohifadhi maji ya mvua. Zikikauka, kiu iliweza kuua watu njiani.

Mnamo 1890 kampuni ya Waingereza ya IBEA ilianza kulima njia ya mikokoteni ya ng'ombe kuelekea Kibwezi, na Kapteni Sclater akaiendeleza hadi Busia katikati ya muongo huo. Haikupata muda wa kuzoeleka. Reli ilianzia Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi Mei 1899, na mkokoteni ukakosa kazi.

Hata magari ya mafuta yalipoingia, barabara ilibaki mtoto wa kambo. Serikali ya kikoloni ililinda mapato ya reli, na katika miaka ya 1930 ilibana kwa sheria malori yaliyoshindana nayo. Kwa hiyo tope ambalo madereva walililaumu kwa masika lilitokana pia na uamuzi wa ofisini. Murram nyekundu ya Voi na Tsavo ilikuwa utelezi mtupu. Kwenye tambarare za Kapiti na Athi, udongo mweusi ulivimba na kunasa magurudumu. Msafiri aliyekwama alitafuta hifadhi popote, na hekalu la Masingasinga la Makindu limejijengea sifa kwa kuwapa wapita njia chakula na malazi bila malipo.

Mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza 1953, yaliigeuza adha hiyo kuwa tamasha. Baadaye yalipangwa wakati wa Pasaka, masika yakiwa yamepamba moto, na mwaka 1963 na 1968 ni magari saba tu yaliyomaliza.

Lami ilienea baada ya uhuru, lakini haikuwa kinga kamili. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilisomba makalvati na kuiharibu barabara vibaya, ikabidi sehemu kubwa ijengwe upya. Tangu 2017 treni ya reli mpya ya SGR imechukua abiria wengi. Waliobaki barabarani hawahangaikii tope tena isipokuwa wakilazimika kukanyaga pembeni. Kinachowachelewesha siku ya mvua ni foleni ya malori kwenye vilima vya Salama.