Albamu ya Introduction ya Bendi ya WITCH na Mipaka ya Kujitegemea katika Muziki wa Roki wa Zambia

Albamu ya Introduction, iliyotolewa mwaka 1972 na bendi ya WITCH, huhesabiwa miongoni mwa santuri ndefu za kwanza za kibiashara kutolewa na bendi ya Zambia. Ni rahisi kuichukulia kuwa mwigo tu wa roki ya Uingereza na Marekani. Insha hii inashikilia kwamba thamani yake ya kihistoria imo zaidi katika namna ilivyozalishwa. Wanamuziki waliigharimia na kuiuza bila mkono wa kampuni kubwa ya rekodi. Kujitegemea huko ndiko kulikoifanya albamu iwepo, na ndiko kulikokaribia kuipoteza.

Mazingira ya kiuchumi yanaeleza mengi. Zambia ilipata uhuru mwaka 1964 ikiwa na utajiri mkubwa wa shaba, na mwaka 1969 serikali ilitangaza kuchukua asilimia 51 ya hisa za migodi. Miji ya Ukanda wa Shaba, kama Kitwe, Ndola na Chingola, ilikuwa na wafanyakazi wenye mshahara wa kila mwezi, kumbi za burudani na vijana waliosikiliza santuri za kigeni. Bendi ziliishi kwa kiingilio cha mlangoni. Tasnia ya kurekodi, kwa upande wake, ilikuwa changa. Kwa miaka mingi redio ya Lusaka ndiyo iliyokuwa mlezi mkuu wa rekodi za wenyeji, na Alick Nkhata ni mfano mashuhuri wa msanii aliyekulia chini ya mwavuli huo. Bendi ya WITCH ilitoka nje ya mwavuli huo na kutegemea hadhira yake ya kumbini.

Sauti ya albamu inathibitisha asili hiyo. Gitaa linalokwaruza, kinanda na ngoma zimerekodiwa kwa vifaa vichache, na nyimbo, zote za Kiingereza, zina mpangilio wa bendi iliyozoea jukwaa. Hata hivyo, mwigo huo haukuwa wa kitumwa. Mwimbaji Emanuel Chanda alijulikana kwa jina la Jagari, lililotokana na Jagger lakini likapewa umbo la Kiafrika. Katika jina hilo moja mwigo na umilikishaji vinakaa pamoja. Agizo la Rais Kenneth Kaunda, linalotajwa mara nyingi katika historia ya muziki huu, kwamba asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Zambia, liliimarisha nafasi ya bendi za nyumbani. Mtindo uliokua ukaitwa Zamrock.

Msingi huo ulikuwa dhaifu. Bei ya shaba ilipoporomoka katikati ya miaka ya 1970, kipato cha hadhira kilipungua, na bendi zilizotegemea kiingilio zikadhoofika. Miongo iliyofuata, janga la UKIMWI liliwaondoa wanamuziki wengi wa kizazi hicho. Kwa kuwa santuri zilitolewa kwa idadi ndogo, nakala zilizosalia zikawa mali ya wakusanyaji wa ng'ambo. Albamu ilirudi sokoni miaka ya 2010 kupitia kampuni ya Now-Again ya Los Angeles, na Chanda akapanda tena majukwaani.

Ufufuo huo umeokoa muziki, lakini umeacha tatizo la kimbinu. Historia ya Zamrock sasa inaandikwa kwa kutegemea kile kilichowavutia wakusanyaji, hasa gitaa la kukwaruza na nyimbo za Kiingereza. Bendi ambazo hazikurekodi, ingawa zilijaza kumbi zilezile, hazionekani. Kwa hiyo Introduction isomwe kama ushahidi wa kile kilichofanikiwa kurekodiwa, si kama picha kamili ya muziki wa Ukanda wa Shaba. Kumbukumbu za wahudhuriaji wa kumbi hizo, ambao umri wao sasa ni mkubwa, ndizo zinazoweza kulijaza pengo hilo, na muda wa kuzikusanya unazidi kupungua.