Orodha ya Vilivyoachwa Nje

Hebu geuza pakiti ya dawa uliyo nayo nyumbani usome imetoka wapi. Usishangae ukikuta India. Hiyo haikuja kwa bahati. Ilianza na orodha ya vitu ambavyo sheria ilikataa kuvipa hataza.

Hataza ni ile haki ambayo serikali humpa mvumbuzi: kwa muda fulani, siku hizi miaka 20, hakuna mwingine wa kutengeneza wala kuuza uvumbuzi wake bila ruhusa. Lakini si kila kitu hupewa. Hapa kwetu, Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001 inaacha nje nadharia za sayansi, kanuni za hesabu, sheria za michezo, mbinu za biashara na njia za kumtibu mtu. Daktari akipata namna mpya ya kupasua mgonjwa, hawezi kuwazuia wenzake wasiitumie.

Wahindi walikwenda mbali zaidi. Walikuwa wamerithi sheria ya Waingereza ya 1911, na dawa zilikuwa ghali. Mwaka 1970 Bunge lao likapitisha sheria mpya: dawa yenyewe haipewi hataza, inayopewa ni njia ya kuitengeneza tu. Yaani, ukipata njia nyingine ya kufikia kidonge kilekile, ni sawa, tengeneza. Viwanda vikaingia kazini.

Miaka ikasonga. Novemba 1999, Rais Moi akatangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa. Dawa za ARV zilikuwepo, lakini wapi! Kumtibu mtu mmoja kwa mwaka kulipita dola 10,000. Nani angeweza? Watu wakazikwa huku tiba inajulikana.

Halafu Februari 2001, kampuni ya Cipla ya Mumbai ikajitokeza: mseto wa dawa 3, dola 350 kwa mwaka, kwa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka. Mwaka huohuo, ile sheria yetu ya 2001 ikafungua mlango wa kuagiza dawa nafuu kutoka nje.

Kampuni kubwa zina hoja yao: utafiti unakula pesa, na bila hataza nani atazirudisha? Swali hilo lina uzito. Ndiyo maana chini ya masharti ya Shirika la Biashara Duniani, India ilianza kutoa hataza za dawa mwaka 2005. Hata hivyo ilibakiza kizuizi: sura mpya ya dawa ya zamani haipati hataza mpaka ithibitike kwamba inatibu vizuri zaidi. Kwa kizuizi hicho, mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya India iliikatalia Novartis hataza ya dawa ya saratani, Glivec.

Kwa hivyo siku ukishika sheria ya hataza, usikimbilie haki za mvumbuzi. Anza na vilivyoachwa nje. Kuna watu wa rika la wazazi wetu walio hai leo kwa sababu ya orodha hiyo.