Kipi Kilipwe Kwanza: Huduma za Lazima Katika Bajeti Finyu

Bajeti ya serikali haigawanywi yote. Waziri wa fedha anapoanza kufikiria zahanati, shule na visima, sehemu kubwa ya makusanyo imeshapata wenyewe. Nchini Tanzania deni la Serikali hulipwa moja kwa moja kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina, kisha hufuata mishahara ya watumishi. Kinachosalia kwenye matumizi ya kawaida huitwa Matumizi Mengineyo, au OC kama wanavyosema maofisini: mafuta ya gari la wagonjwa, umeme wa wodi, chaki, safari za ukaguzi. Makusanyo yakishuka, kisu huanzia hapo. Deni lina mkataba na mshahara una mwenyewe, lakini lita ishirini za dizeli hazina wa kuzisemea.

Matokeo yake yanajulikana kwa kila aliyewahi kumpeleka mtoto mwenye homa kwenye zahanati ya kijiji: nesi yupo, jengo lipo, dawa hakuna. Serikali imelipa mshahara wa mwezi mzima na mgonjwa ameondoka mikono mitupu. Kwa hiyo huduma haihesabiki kuwa imelindwa kwa sababu tu watumishi wake hawakupunguzwa. Imelindwa pale vyote inavyovihitaji vinapofika pamoja, hata kama ni kwa kiwango cha chini.

Lakini huduma ipi ndiyo ya lazima? Jibu moja bora kwa swali hili lilipatikana Tanzania. Kuanzia nusu ya pili ya miaka ya 1990, Wizara ya Afya na kituo cha utafiti wa maendeleo cha Canada, IDRC, waliendesha mradi wa TEHIP katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Walitaka kujua kama wilaya maskini ingeokoa maisha zaidi iwapo ingepewa nyongeza ndogo ya fedha pamoja na takwimu za vifo vyake yenyewe.

Takwimu hizo hazikuwa kwenye vitabu vya hospitali, kwa sababu watu wengi vijijini hufia nyumbani. Wadadisi walipita kaya kwa kaya, wengine kwa baiskeli, wakiuliza nani amefariki na dalili zake zilikuwa zipi: homa ilianza lini, mtoto alipumua kwa shida, aliharisha siku ngapi. Majibu yalipojumlishwa na kuwekwa kando ya bajeti ya afya, vitu viwili hivyo havikufanana. Huko Morogoro malaria ilichukua asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, lakini ilitengewa asilimia 5 tu ya bajeti ya afya ya 1996. Kundi la maradhi ya watoto, yaani nimonia, kuhara, utapiamlo, surua na malaria, lilibeba asilimia 28 ya mzigo huo wa miaka iliyopotea na kupata asilimia 13 ya fedha. Kifua kikuu, chini ya asilimia 4 ya mzigo, kilipata asilimia 22.

Halmashauri zilibadili mipango yao. Fedha zikaelekezwa kwenye vyandarua vyenye dawa na kwenye kuwafundisha wahudumu kumchunguza mtoto mgonjwa kwa utaratibu mmoja kamili, badala ya kutibu dalili ya kwanza wanayoiona. Mradi ulikuwa tayari kuongeza dola 2 kwa kila mkazi kwa mwaka. Wilaya ziliweza kutumia senti 80 tu. Rufiji, vifo vya watoto wachanga vilishuka kutoka 100 kwa kila vizazi hai 1,000 mwaka 1999 hadi 72 mwaka 2000. Mwaka mmoja ni muda mfupi wa kuutolea hukumu, lakini takwimu za miaka iliyofuata ziliendelea kushuka.

Hata hivyo, kipimo hiki cha kulinganisha vifo na bajeti kina mtego. Ugonjwa unaweza kuonekana mdogo kwa sababu fedha zake zinafanya kazi. Ukipunguza chanjo kwa hoja kwamba surua haiui tena, surua itarudi. Kifua kikuu nacho huambukiza, na dozi iliyokatizwa njiani huzaa usugu. Asilimia za vifo zionyeshe palipoachwa wazi; zisitumiwe kuvunja kinga iliyokwisha kujengwa.

Kuna pia umbali kati ya fedha iliyopitishwa na fedha iliyotolewa. Kinachopitishwa bungeni Juni ni ruhusa ya kutumia. Tangu katikati ya miaka ya 1990 Hazina ya Tanzania ilipoanza kutumia kwa kadiri ya makusanyo, fungu lisilolindwa kwenye mgao linaweza kufika Juni nyingine likiwa nusu, na hotuba ya bajeti haikubadilika neno.

Pengine fungu hupungua bila kukatwa kabisa. Ada ya shule za msingi ilipofutwa mwaka 2001, wanafunzi waliongezeka kutoka takriban milioni 4.8 mwaka huo hadi zaidi ya milioni 7.5 mwaka 2005. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, uliweka ruzuku ya dola 10 kwa mwanafunzi, wakati ule karibu shilingi 10,000. Elimu bila ada ilipopanuliwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, ruzuku ya msingi ilikuwa bado shilingi 10,000, ilhali dola moja ilikuwa imevuka shilingi 2,000. Kati ya shilingi 10,000 hizo, 4,000 zilibaki kwa ajili ya vitabu na 6,000 zilikwenda shuleni, yaani shilingi 500 kwa mwezi. Mwalimu mkuu wa shule yenye watoto 600 alipangiwa shilingi 300,000 kwa mwezi za kununulia chaki, kuchapa mitihani na kukarabati madawati.

Kenya imejaribu kuifunga serikali kwa sheria. Ibara ya 20 ya Katiba ya 2010 inaitaka serikali inayodai haina uwezo wa kutimiza haki kama afya, elimu au maji ithibitishe hivyo yenyewe mbele ya mahakama. Tanzania, haki ya elimu imo katika ibara ya 11, lakini ibara ya 7 inazuia mahakama kuitekeleza. Hivyo jukumu la kudai linabaki kwa wabunge na madiwani, na swali lao la kwanza linapaswa kuwa kiasi gani kimefika kituoni robo mwaka hii, na kinanunua nini leo.