Nyama ya Kubanika Katika Nchi ya Marekani

Wahenga walisema kuwa pafukapo moshi pana moto. Wangaliendelea kidogo wangalisema pia kuwa penye moto pana mtu aliyeukoka. Lakini sisi walaji aghalabu huusifu moshi na kuula mnofu, tukamsahau mkokaji. Insha hii ni habari ya moshi mmoja mashuhuri, yaani moshi wa nyama ya kubanika ya Marekani, na habari ya watu waliokesha kando ya moto wake.

Msomaji wa Kenya hana haja ya kufundishwa utamu wa nyama na makaa. Anajua jinsi mteja aingiavyo katika hoteli ya nyama choma, akachagua paja au mbavu za mbuzi zilizotundikwa, zikapimwa kwenye mizani, zikawekwa juu ya makaa mekundu, kisha zikaletwa juu ya ubao pamoja na chumvi, ugali na kachumbari. Wamarekani wa majimbo ya Kusini nao wana nyama yao, walakini njia yao ni nyingine. Wao hawaiweki nyama juu ya moto mkali, bali huiacha mahali penye joto la pole pole na moshi wa kuni, wakaifunika, wakaingojea kwa muda wa saa 10, 12 au zaidi. Kwa njia hiyo hata nyama ngumu yenye kano nyingi, kama kidari cha ng'ombe, hulainika ikakatika kwa vidole. Jambo hili lina maana kubwa katika historia, kwa kuwa nyama ngumu ndiyo iliyokuwa fungu la maskini, na kukesha ndiyo iliyokuwa kazi yao.

Neno barbecue, ambalo ndilo jina la mapishi hayo, limetokana na neno barbacoa. Wahispania walilisikia neno hilo kwa Wataino, wenyeji wa visiwa vya Karibi. Barbacoa ilikuwa uchaga wa vijiti uliosimamishwa juu ya moto ili kubanikia samaki na nyama, na neno hilo lilipigwa chapa katika kitabu cha Mhispania Gonzalo Fernández de Oviedo mwaka 1526. Mwaka 1539 Hernando de Soto alipotua Florida pamoja na askari wake, alileta kundi la nguruwe. Nguruwe hana haja ya mchungaji; hujitafutia chakula mwituni na huzaa kwa wingi. Basi miaka ilivyopita, nyama yake ikawa ndiyo nyama ya watu wengi wa Kusini.

Waingereza walipofanya makao Virginia, kubanika nyama kukawa karamu ya kukusanya watu. George Washington, kabla ya kuwa Rais, aliandika katika kitabu chake cha kumbukumbu kuwa tarehe 27 Mei 1769 alikwenda Alexandria katika karamu ya namna hiyo, akalala huko. Baadaye wanasiasa nao waliona kuwa mpiga kura aliyeshiba husikiliza hotuba kwa utulivu zaidi, wakazitumia karamu hizo kuomba kura.

Lakini ni nani aliyechimba handaki, akapasua kuni, akageuza nyama usiku kucha? Mara nyingi alikuwa mtumwa, ambaye yeye au wazee wake walitekwa Afrika na kuvushwa bahari. Mzee mmoja, Wesley Jones wa South Carolina, aliyezaliwa utumwani, aliulizwa habari za maisha yake na watumishi wa serikali mwaka 1937, akiwa na umri wa miaka 97. Alisimulia jinsi alivyokuwa akikesha usiku kucha kabla ya karamu, akigeuza nyama na kuipaka mchuzi. Akautaja mchuzi wenyewe: siki, pilipili, chumvi, siagi, vitunguu na majani ya kunukia. Miaka zaidi ya 70 ilikuwa imepita tangu utumwa ukomeshwe, naye hakuwa amesahau hata kimoja. Mpishi wa namna hii ni bingwa kweli kweli. Lakini karamu alizopika ziliitwa kwa jina la bwana wake.

Utumwa ulipokomeshwa, ujuzi huo ulibaki mikononi mwa wenyewe. Tarehe 19 Juni 1865 tangazo la uhuru lilisomwa katika mji wa Galveston, Texas, na tangu hapo watu weusi wa Texas wakaifanya siku hiyo kuwa sikukuu. Katika sikukuu hiyo nyama ya kubanika haikosekani. Moto ule ule uliokuwa alama ya kutumikishwa ukawa alama ya kufurahia uhuru.

Kila jimbo likashika mapishi yake. Mashariki ya North Carolina hubanikwa nguruwe mzima, akatiwa siki na pilipili tu. Magharibi ya jimbo hilo hilo wao hupenda bega lake, na mchuzi wao hutiwa nyanya kidogo. Katika South Carolina wako watu wanaotia haradali. Mabishano yao hayana mwisho, kama vile watu wa pwani wanavyobishana juu ya pilau ya mji gani ni bora.

Katika Texas, ambako ng'ombe ni wengi, historia ilipita njia nyingine. Wahamiaji kutoka Ujerumani na nchi ya Wacheki walifungua maduka ya nyama, nao walibanika nyama na soseji ambazo hazikununuliwa zikiwa mbichi ili zisiharibike. Wachumaji wa pamba, wengi wao Wameksiko na watu weusi, walinunua nyama hiyo ikiwa imefungwa katika karatasi, wakala kwa mikono. Katika mji wa Lockhart liko duka la Kreuz Market, lililopata jina hilo mwaka 1900, ambalo kwa muda mrefu halikuwapa wateja uma wala mchuzi. Duka hilo lilipohamia jengo jingine mwaka 1999, makaa ya moto yalikokotwa barabarani kutoka meko ya zamani hata meko mapya, ili moto usikatike.

Kansas City, mji wa reli na mazizi makubwa ya ng'ombe, ulipata mapishi yake kwa mkono wa mtu mmoja. Henry Perry, mtu mweusi aliyezaliwa karibu na Memphis, alijifunza upishi katika merikebu za mtoni, akafika Kansas City mwaka 1907. Akaanza kuuza nyama katika kichochoro, akiifunga katika karatasi za gazeti kwa bei ya senti 25. Weusi kwa weupe walimjia. Alipofariki mwaka 1940, kazi yake iliendelezwa na wanafunzi wake, na hoteli ya mmoja wao, Arthur Bryant, ikawa mashuhuri hata mwandishi Calvin Trillin akaiita mwaka 1972 hoteli bora kuliko zote duniani. Jina la mwalimu mwenyewe lilichelewa: aliingizwa katika orodha ya heshima ya mabingwa wa mapishi haya mwaka 2014, miaka 74 baada ya kufa kwake.

Hata hivyo, si kila mahali weusi na weupe waliweza kula pamoja. Katika mji wa Birmingham, Alabama, ilikuwako hoteli iitwayo Ollie's Barbecue. Kiasi cha theluthi mbili za watumishi wake walikuwa watu weusi. Lakini mteja mweusi hakuruhusiwa kuketi mezani, ila kununua chakula na kwenda kukila nje. Sheria ya Haki za Raia ilipotiwa sahihi mwezi wa Julai 1964, wenye hoteli walikwenda mahakamani wakidai kuwa serikali ya Marekani haina mamlaka juu ya meza zao. Tarehe 14 Desemba 1964 majaji wote wa Mahakama Kuu kabisa walitoa hukumu moja. Walisema kuwa asilimia 46 ya chakula kilichonunuliwa na hoteli hiyo kwa mwaka ilikuwa nyama iliyotoka nje ya jimbo. Kwa hiyo biashara yake ilihusu majimbo mengine, na sheria iliifikia. Basi nyama yenyewe ilitoa ushahidi, na mlango wa chumba cha kulia ukafunguliwa.

Siku hizi watu husafiri mwendo mrefu wakitafuta hoteli iliyo bora, na majarida huandika orodha zake. Mwaka 2008 jarida la Texas Monthly lilitangaza kuwa hoteli bora katika Texas yote ni Snow's, iliyomo katika mji mdogo wa Lexington, ambayo hufungua mlango wake Jumamosi tu. Mpishi wake alikuwa Bibi Tootsie Tomanetz, aliyezaliwa mwaka 1935, ambaye siku nyingine za juma alikuwa mtumishi wa matengenezo katika shule. Mwaka 2018 Rodney Scott, mtu mweusi kutoka kijiji cha Hemingway, South Carolina, ambako watu wake walibanika nguruwe mzima, alipewa tuzo kubwa ya wapishi wa Marekani.

Mtafutaji mwenye busara hatazami urembo wa jengo. Hutazama kama pana lundo la kuni nyuma ya nyumba, na kama moshi wafuka kabla ya jua kuchomoza. Wala hakasiriki akiambiwa saa sita mchana kuwa nyama imekwisha, kwa maana nyama iliyohitaji usiku mzima haiwezi kuongezwa kwa dakika chache.

Lakini liko swali jingine ambalo mwanafunzi wa historia hana budi kuliuliza, mbele ya sahani ya Marekani na mbele ya sahani ya kwao vile vile: Moto huu ulikokwa na nani, na je, yeye naye aliruhusiwa kuketi mezani? Chakula chaweza kuwa kitamu hali kimepikwa kwa dhuluma. Ulimi hauna njia ya kuitambua tofauti. Kuitambua ni kazi ya akili, na ndiyo sababu tunasoma historia.