Memori ya kerneli kuvuja: sababu na dawa yake

Kuna ordinatere zisizolala: ile inayorusha muziki kwenye redio, ile inayogawa intaneti mtaani. Siku ya kwanza inakimbia vizuri. Kisha wiki mbili inakuwa nzito, mwisho inakwama. Watu wanaizima, wanaiwasha, na iko sawa tena. Sababu moja ya hali hiyo ni memori kuvuja.

Kila programu inaomba memori kwa kerneli, yaani moyo wa mfumo endeshi, na ikimaliza kazi inarudisha. Ni kama viti vya parokia vinavyoazimwa kwa kilio. Memori inavuja pale viti vimetoka, lakini karatasi yenye jina la aliyevichukua imepotea. Hakuna tena wa kudaiwa.

Programu ya kawaida ikivuja, kuifunga kunatosha: kerneli inachukua vyote ilivyoikopesha. Lakini kerneli yenyewe ikivuja, hakuna aliye juu yake wa kuisafisha. Njo maana kuzima na kuwasha kunasaidia, ila si dawa. Kosa linabaki palepale.

Kwenye Linux, kerneli iliyoanzishwa na Linus Torvalds huko Finland mwaka 1991 na ambayo iko pia ndani ya simu za Android, kuna chombo cha kutafuta kosa hilo: kmemleak, kilichoingia katika toleo 2.6.31, mwaka 2009. Kikiwashwa, kinapita ndani ya memori kila dakika 10 kikitafuta vipande visivyoelekezwa na kitu chochote, na kinaonyesha ni sehemu gani ya kodi iliviomba.

Mara nyingi kosa ni dogo. Kodi inaomba memori, hatua inayofuata inashindikana, nayo inatoka haraka bila kurudisha. Dawa inaweza kuwa mstari mmoja tu, kfree, kwenye njia hiyo ya kutokea. Lakini lazima uangalifu: kurudisha kipande kilekile mara mbili ni hatari kuliko kuvuja, juu mashine inaweza kuanguka au kuwafungulia wezi mlango.

Marekebisho yakikubaliwa, yanawafikia watu kupitia apudeti. Simu ambayo mtengenezaji ameacha kuitumia apudeti inabaki na tundu lake, hata kama dawa imekwisha kupatikana.